Klabu ya Sataranji ya Watoto wa Shule ya Msingi

(Maneno yaliyosemwa na walimu wa klabu mbele ya Kamati ya Jumuiya, wazazi na wageni)



Kamati imetuomba tueleze kwa kifupi kazi ya klabu ya sataranji. Tunashukuru kwa nafasi hii. Lakini sote tunajua kwamba nyuma ya ombi hilo kuna swali jingine, nalo ni zito zaidi: je, chumba cha darasa tunachokitumia Jumamosi asubuhi kibaki cha klabu, au wapewe watoto wa darasa la nane kwa masomo ya ziada, maana mtihani wao unakaribia? Swali hilo ni la haki. Hapa Dzaleka kila chumba kina watu watatu wanaokitaka. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu elfu kumi na kidogo, na leo tumezidi 50,000. Kwa hiyo hatutakuja hapa kudai chumba kana kwamba ni mali yetu. Tutasema tulichokifanya, pamoja na makosa yetu, kisha Kamati ipime.

Tulianza na ubao mmoja. Uliletwa na mzazi mmoja aliyetoka nao Kivu ndani ya mzigo wake, na kete zake hazikutimia: farasi mmoja alikuwa amepotea na wale wadogo wa mstari wa mbele walipungua wawili. Farasi tukamweka betri kuukuu ya redio. Wale wawili tukaweka punje za mahindi, na usiku wa kwanza panya akala moja. Tangu hapo tukajua kwamba lazima tutengeneze vya kwetu. Ubao ni rahisi: miraba minane kwa minane, jumla 64, ambayo watoto wanaiita vyumba. Tunaichora kwa mkaa juu ya katoni au juu ya gunia la unga lililokatwa. Kete ni vizibo vya chupa, 32 kwa kila ubao, rangi moja upande huu na rangi nyingine upande ule, na ndani ya kila kizibo tunabandika karatasi yenye picha. Kuna mzazi mmoja aliyelalamika kwamba tunawachezesha watoto na vizibo vya bia. Tulimwambia kweli, vingi ni vya bia, kwa sababu wanywaji wa bia ni wakarimu kuliko wanywaji wa soda. Alicheka, na juma lililofuata akatuletea mfuko mzima wa vizibo vya Fanta ili tusiwe na kisingizio.

Jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko tulivyodhani ni majina. Neno lenyewe sataranji tumelipata kwa watu wa pwani, nao walilipata kwa Waarabu, na Waarabu kwa Waajemi, na Waajemi kwa Wahindi. Sisi tuliosoma Kongo tulizoea kusema kwa Kifaransa. Sasa, ile kete inayokwenda mshazari, Waingereza wanaiita askofu, na watoto wanaosoma kwa Kiingereza hapa Malawi wakaichukua hivyo. Watoto waliofundishwa na baba zao kwa Kifaransa wakasema hapana, huyo ni mwendawazimu, maana Wafaransa ndivyo wanavyomwita. Ukawa ugomvi: askofu au mwendawazimu? Mzazi mmoja ambaye ni mchungaji hakufurahi kusikia watoto wakipiga kelele, "Nimemla askofu!" Tukarudi nyuma mpaka mwanzo wa mchezo, kule India, ambako kete hiyo ilikuwa tembo. Waarabu nao walimwita tembo. Tembo anamfaa kila mtu. Hana dini wala hana wazimu.

Lililokuwa gumu zaidi ni wale wanane wa mbele. Katika lugha nyingi hao ni askari wa miguu. Tulipotamka neno "askari" siku ya kwanza, kulikuwa na mtoto wa darasa la pili aliyeweka kete yake chini na kuuliza askari hao ni wa upande gani. Hatukulitumia tena. Watoto wenyewe wakawaita "wadogo", na jina likashika. Mdogo huenda mbele tu, hatua moja moja, hawezi kurudi, na akifika mwisho wa ubao anageuka kuwa malkia. Vilevile hatusemi "kuua". Tunasema "kula", kama wazee wetu wanavyosema katika dama na bao. Na mfalme haliwi kamwe. Anafungwa asiwe na pa kwenda, na hapo mchezo umekwisha hata kama kete nyingine zote zimesimama. Watoto wanauliza sana juu ya hilo. Tunawajibu kwamba ndiyo sheria.

Kwa walimu wenzetu wanaotaka kuanza, tuseme neno juu ya namna ya kufundisha, kwa sababu hapa tulikosea. Mwanzoni tulieleza mwendo wa kete zote sita siku moja, kama tulivyofundishwa sisi. Watoto wa miaka saba na minane walisinzia. Sasa tunaanza na wadogo peke yao. Wanane huku, wanane kule, bila mfalme wala malkia, na anayefikisha mdogo wake upande wa pili kwanza ameshinda. Mchezo huo huchukua dakika tano na mtoto ameelewa mambo makubwa yote: zamu, kula mshazari, kuzuiana njia. Juma la pili tunaongeza ngome, halafu tembo, halafu malkia, halafu mfalme. Farasi tunamweka mwisho, maana huyo anaruka wenzake na mwendo wake wa kona huwachanganya hata watu wazima.

Baada ya hapo huja homa. Kuna mtego wa hatua nne ambao mtoto mmoja akiujua, kambi nzima imeujua kabla ya jua kuzama. Malkia na tembo wanamlenga yule mdogo aliye mbele ya tembo wa upande wa mfalme, mahali ambapo hakuna anayemlinda isipokuwa mfalme mwenyewe. Kwa majuma mawili hakukuwa na mchezo mwingine. Wakubwa wakawafunga wadogo wao kwa hatua nne, wadogo wakalia. Tulifikiri kuupiga marufuku. Badala yake tukafundisha dawa: malkia akitoka mapema kuja pembeni, toa kwanza farasi wako umlinde mdogo wa katikati, na tembo wake akija, sukuma mdogo aliye mbele ya farasi wa pili hatua moja. Malkia atakimbia, nawe umepata nafasi. Siku mtego ulipokufa ndipo klabu ilipoanza kweli.

Sasa tufike kwenye kosa letu kubwa. Klabu ina watoto wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda, na wachache wa majirani zetu Wamalawi wanaosoma nasi. Siku moja wavulana wawili waligombana juu ya kete, na mmoja akamtupia mwenzake neno ambalo hakulitunga yeye. Alilisikia nyumbani. Hatutalirudia hapa, kila mtu mzima aliyeko hapa anajua maneno ya namna hiyo. Sisi tuliogopa. Tulifunga klabu kwa juma moja, na tulipofungua tukaanza kuwapanga watoto kwa kabila na nchi zao, kila kundi na mbao zake, tukiita hiyo amani. Ilikuwa kimya, ni kweli. Lakini baada ya muda tukaona kwamba tumechora mipaka ndani ya chumba cha mita sita kwa nane, sisi ambao tulivuka mipaka mitatu kufika hapa. Tukaacha. Sasa tunaandika majina kwenye vikaratasi, tunatia ndani ya kofia, na mtoto mmoja anafumba macho na kuchomoa. Utakayempata ndiye utakayecheza naye, na kabla ya kuanza mnapeana mkono, na baada ya kumaliza mnapeana mkono. Ugomvi upo hata leo. Lakini ni ugomvi juu ya kete.

Mwaka 2023, serikali iliporudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini, tulipokea watoto wengi katikati ya mwaka wa masomo. Wengine walizaliwa Lilongwe, wanasema Kichewa kuliko Kiswahili, na walikuwa wameona maduka ya wazazi wao yakifungwa. Darasani walikaa kimya kwa miezi. Kwenye klabu hawakuhitaji lugha. Tunakumbuka msichana mmoja ambaye hakusema nasi neno lolote mpaka siku alipotuonyesha kwa kidole kwamba mwalimu amemkosesha: mwalimu alikuwa amesogeza mfalme wake mahali palipolindwa na ngome. Alikuwa na haki. Mwalimu akarudisha mfalme.

Sasa tunarudi kwenye swali la chumba, na hapa tunaomba wageni wetu kutoka mashirika watusikilize pia, maana tuna jambo la kuungama. Miaka michache iliyopita tulijaza fomu ya kuomba msaada wa mbao na kete. Palikuwa na mstari wa kuandika faida itakayopatikana. Tukaandika kwamba sataranji itapandisha alama za watoto katika hesabu. Tuliandika hivyo kwa sababu tulisikia watu wakisema, na kwa sababu tulijua ndilo jibu linalopendwa. Mwisho wa muhula tulilinganisha alama za watoto wa klabu na za wenzao wa darasa moja. Hatukuona tofauti yoyote ya kusimama mbele yenu nayo. Na si sisi tu. Huko Uingereza walifanya jaribio kubwa, shule zipatazo 100 na watoto wapatao 4,000, nusu wakafundishwa sataranji kwa mwaka mmoja, nusu hawakufundishwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2016: mwaka mmoja baada ya masomo hayo, hapakuonekana faida katika hesabu. Basi mzazi anayemleta mtoto wake kwetu ili afaulu mtihani, tunamwambia wazi ampeleke kwenye masomo ya ziada. Hayo yanasaidia mtihani zaidi kuliko sisi.

Vilevile hatuwaahidi watoto umaarufu. Wanajua habari za Phiona Mutesi, binti wa Katwe, mtaa maskini wa Kampala, aliyejifunza kwa mwalimu Robert Katende, mahali ambapo watoto walipewa na bakuli la uji, akafika kuiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia mwaka 2010 na 2012. Filamu yake ilitoka mwaka 2016, na tulipoionyesha kwenye kompyuta moja ndogo, watoto 70 walijaza chumba. Wanajua pia habari za Tanitoluwa Adewumi, mtoto wa familia iliyokimbia Nigeria, aliyekuwa akiishi katika makao ya watu wasio na nyumba New York alipokuwa bingwa wa jimbo kwa watoto wa umri wake mwaka 2019. Habari hizo ni za kweli na zinatupa moyo. Lakini mtoto mmoja alituuliza kama atasafiri akishinda. Tulimwambia hapana, akishinda atacheza na mwingine. Alifikiri kidogo, akakaa.

Basi faida ni nini? Tutaeleza kama tulivyoiona, bila kuipamba. Watoto hawa wengi wamezaliwa hapa. Tangu wakiwa wadogo wamewaona wazazi wao wakingoja. Tunangoja mgao. Tunangoja kuitwa kwenye mahojiano. Tunangoja ubao wa matangazo, tunasoma orodha ya majina kutoka juu mpaka chini, halafu tunasoma tena kutoka chini mpaka juu. Mambo makubwa ya nyumba zetu, wapi tutalala mwakani, kama tutaruhusiwa kufanya kazi, tutakula kiasi gani, yanaamuliwa na watu tusiowaona, na barua ikija haisemi sababu. Hatusemi hili kumlaumu mtu aliyeko hapa. Wengi wenu pia mnangoja barua kutoka juu. Lakini mtoto anayekua hivyo hujifunza kitu bila kufundishwa: kwamba anachokifanya yeye hakibadilishi lolote.

Kwenye ubao ni kinyume. Kila baada ya mwenzake kucheza, zamu ni yake, na hakuna wa kumchezea. Sisi walimu tumejikataza kabisa kunong'ona. Kuna sheria ya mchezo ambayo watoto waliichukia mwanzoni: ukigusa kete, utaicheza. Msichana mmoja wa darasa la nne aligusa malkia wake kwa haraka, akaona kwamba kila mahali anapoweza kwenda ataliwa. Alitutazama. Mzazi wake aliyekuwa mlangoni akasema, "Mwalimu, msamehe, ni mtoto." Ilikuwa vigumu kwetu. Tulikaa kimya. Aliicheza, akapoteza malkia, akashindwa, akatoka bila kupeana mkono. Jumamosi iliyofuata alirudi, akampa mwenzake mkono wa juma lililopita kwanza, ndipo akauliza nani anacheza. Siku hizi anakalia mikono yake mpaka atakapokuwa ameamua. Ukimkuta hivyo, usimsemeshe.

Mama yake alituambia baadaye jambo ambalo hatukulitazamia. Alisema binti yake ameanza kumuuliza sababu za mambo: kwa nini tunakwenda kuteka maji saa ile na si saa nyingine, ilhali foleni inajulikana. Akamjibu ndivyo tunavyofanya. Binti akamwomba wajaribu alfajiri. Walijaribu. Foleni ilikuwa ndefu vilevile, tusidanganyane. Lakini walikuwa wameamua.

Tumetaja maji, basi tuseme juu ya wasichana. Mwanzoni tulikutana alasiri, tukawa na wavulana 30 na wasichana wanne. Tulidhani wasichana hawapendi. Kumbe alasiri ndiyo saa yao ya maji na kuni na kushika watoto wadogo. Tulipohamia Jumamosi asubuhi, saa mbili, wakaanza kuja, na wengine huja na mtoto mgongoni. Leo ni karibu nusu kwa nusu. Mjue hilo wakati mnapopima saa ya chumba: saa ikibadilika, wavulana watabaki na wasichana watatoweka, na hakuna atakayewasikia wakilalamika.

Jambo la mwisho ni kuondoka. Tumewafundisha watoto kuandika michezo yao. Nguzo za ubao zina herufi kutoka a hadi h, mistari ina namba 1 hadi 8, kwa hiyo kila chumba kina anwani yake, na hata mtoto wa darasa la pili anaweza kuandika hatua aliyocheza. Tulifanya hivyo ili wajifunze kutokana na makosa. Lakini daftari limekuwa na kazi nyingine. Wavulana wawili, mmoja wa Burundi na mmoja wa Kongo, walikuwa na mchezo ambao haukuisha Jumamosi moja, wakauandika ili waendelee. Katikati ya juma familia ya mmoja iliitwa, wakapanda basi, wakaenda zao kuanza maisha mapya nchi ya mbali. Aliyebaki alikuja na daftari akaomba tumpangie kete zilipokuwa. Alikaa mbele yake. Tulimwuliza kama anataka mmoja wetu aendeleze upande ule mwingine. Akasema hapana, si zamu yake wala si zamu yetu. Miezi mingi ikapita, ikaja barua kupitia simu ya jirani, yenye herufi moja na namba moja tu. Tangu hapo wanaendelea, hatua moja kwa mwezi hivi, jirani akiwa na salio. Kwa maoni yetu yule wa mbali ana hali nzuri zaidi, ingawa wa hapa hakubali.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mambo mawili. La kwanza ni chumba kuanzia saa mbili mpaka saa nne Jumamosi. Saa nne kamili tutakifagia na kukikabidhi kwa darasa la nane, na tumekwisha kuzungumza na mwalimu wao, naye amekubali kuanza saa hiyo kama Kamati itaridhia. Kiangazi tunaweza kukaa chini ya mti, lakini masika karatasi zetu zinalowa na mkaa unafutika, kwa hiyo ombi hili ni hasa kwa miezi ya mvua. La pili ni vizibo. Tuna watoto 46 na mbao 17 kamili, na ile ya betri. Wenye maduka na vibanda vya vinywaji, tafadhali msivitupe.

Tumepanga mbao sita pale karibu na mlango, na watoto wako tayari kucheza na mgeni yeyote, awe wa shirika, wa Kamati au mzazi. Hawatawapendelea kwa sababu ya cheo. Mkumbuke tu kwamba ukigusa kete, utaicheza.